Jipu Lisilosikia Dawa

Nyumba yenye watoto haikosi jipu. Mara nyingi huiva, hupasuka na kupona. Lakini lipo lile ambalo mtoto amekunywa vidonge na bado uvimbe unazidi. Hapo wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua aina nyingine, au huomba kwa jirani vidonge vilivyobaki. Tusifanye hivyo. Tuombe usaha upimwe.

Viini viletavyo majipu mengi huitwa stafilokokasi. Huishi puani mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, hata ngozi ichubuke vipate njia. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona ukungu ukiviua viini hivi, na ndio mwanzo wa penisilini. Baadaye vikawa sugu. Mwaka 1959 ikatolewa methisilini ili kuvishinda. Kufika 1961, Uingereza ilikwisha kuona vilivyo sugu kwa hiyo pia.

Maabara hufanyaje? Usaha huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, yafaa kabla mtoto hajapewa dawa mpya, na kupandwa katika sahani yenye chakula cha viini. Hulala humo usiku kucha katika joto kama la mwili. Viini vikiota hutandazwa kwenye sahani nyingine, na juu yake huwekwa vikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake mpimaji hushika rula. Dawa inayofaa huzungukwa na duara pana lisilo na viini. Duara la sefoksitini likiwa chini ya milimita 22, stafilokokasi hiyo ni sugu. Kloksasilini na amoksilini hazitamsaidia mtoto, na daktari atachagua nyingine.

Majibu huchukua siku mbili au tatu. Mtoto mwenye homa kali au aliyelegea asingojeshwe nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, aanzishiwe matibabu, na dawa ibadilishwe majibu yakitoka. Jipu kubwa huenda likahitaji kupasuliwa na daktari, usaha utoke.

Si kila zahanati ina kipimo hiki, wala si bure. Lakini tuhesabu: dawa tatu zisizofaa zina bei gani? Wakati tukingoja, tusilikamue jipu, tunawe mikono kwa sabuni, na mgonjwa awe na taulo lake peke yake.