Pasipoti: Serkali inawadai waliokimbia vita karatasi ambazo yenyewe haikuwapa

Mama mmoja mwenyeji wa Kiwanja, katika teritware ya Rutshuru, alifika mapema asubuhi mbele ya ubalozi wa Kongo katika mji mkuu wa nchi jirani. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mulikuwa kitu kimoja tu: pasipoti yake ya mwaka wa 2019, aliyoilipia dola 185 huko Goma, na ambayo muda wake ulikwisha mwaka wa 2024. Aliomba apewe mpya.

Kwenye dirisha aliulizwa kadi ya uchaguzi. Hana, iliungua pamoja na nyumba. Akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Hana, hakuwahi kukipata. Akaulizwa cheti cha uraia. Hana. Jibu likawa fupi: «Mama, rudi Kongo utafute hizo karatasi, kisha urudi hapa.»

Arudi Kongo wapi? Kiwanja iliingia mikononi mwa M23 Oktoba 2022. Na avuke mpaka kwa pasipoti gani, ikiwa aliyo nayo imekufa?

Inje ya lango, komisioneri mmoja alimfuata. Alimuambia kwamba karatasi zote zinaweza kupatikana kwa siku tatu, bila yeye kutoka hapo, kama ana pesa. Basi mambo ni hivi: karatasi ambazo mama huyu hawezi kupata kwa haki, anaweza kuzinunua kwa uongo. Na ndipo watu wengi waliokimbia vita wanasukumwa.

Ubaya wa jambo hili hauko kwa mtumishi wa dirishani peke yake. Uko kwenye kanuni yenyewe. Serkali ya Kongo inamuomba raia aonyeshe karatasi ambazo serkali hiyo haikumpa, au ilimpa na haikuweza kulinda nyumba zilimokuwa. Halafu inamuadhibu kwa kuzikosa.

Tuanze na kadi ya uchaguzi. Kwa miaka mingi Kongo haina kitambulisho cha taifa kilicho mikononi mwa raia wote. Mwezi wa Juni 2023 Rais wa Jamuhuri alipokea kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya, lakini raia wa kawaida wa Masisi, Beni ao Fizi angali anangoja yake. Nafasi hiyo inachukuliwa na kadi ya uchaguzi. Lakini vita vilizuia kazi ya CENI ya kuandikisha wapiga kura katika sehemu kubwa ya Rutshuru na Masisi, na uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika katika teritware hizo mbili. Kwa upande wa Wakongomani walio inje ya nchi, waliandikishwa katika nchi tano tu: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Uganda haikuwamo. Burundi haikuwamo. Tanzania na Kenya pia. Yaani nchi ambako familia nyingi za Kivu zimekimbilia ndizo zilizoachwa.

Hata wale waliopata kadi hizo za 2023, wengi waliona maandishi na picha vikifutika ndani ya miezi michache. Ndiyo kadi ambayo mtu anaombwa aionyeshe dirishani ikiwa safi.

Kisha cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inampa mzazi siku 90 kumuandikisha mtoto kwenye ofisi ya etasivili bila malipo. Sheria ni nzuri. Lakini mama aliyezalia njiani kati ya Kitshanga na Sake, ao katika kijiji kilicho mwendo wa siku mbili kutoka ofisi ya karibu, siku 90 zinapita akiwa angali anatafuta mahali pa kulala. Baada ya hapo anahitaji hukumu ya tribinali ichukue nafasi ya cheti, na hukumu hiyo inaomba safari, malipo na wakati.

Na karatasi ya kushuhudia kwamba vitambulisho vimepotea? Inatolewa na wakubwa wa mahali. Wakubwa wa Rutshuru waliowekwa na Kinshasa walikimbia kama raia wao. Wale wanaopiga sitampu huko leo, Kinshasa haitambui utawala wao. Kwa hiyo mama wa Kiwanja akileta karatasi ya huko, atakataliwa kwa sababu ya sitampu. Asipoleta, atakataliwa kwa sababu hana karatasi. Milango yote miwili imefungwa, na aliyeifunga ndiye anayemuuliza kwa nini haingii.

Lakini kuna jambo moja ambalo kanuni hii inasahau. Mama huyu haombi pasipoti ya kwanza. Anaomba nyingine baada ya ile ya zamani. Tangu mwaka wa 2015 pasipoti ya Kongo inatolewa kwa alama za vidole na picha inayohifadhiwa kwenye mashine. Siku ile ya 2019, serkali ilichukua vidole vyake vyote, ikampiga picha, ikachunguza uraia wake, ikakubali, ikampa namba. Uchunguzi ulikwisha kufanyika. Kwa nini unaanza tena kutoka sifuri, kana kwamba serkali haikumuona hata siku moja?

Kama vidole hivyo vimehifadhiwa, kazi ni ya dakika chache: aweke kidole kwenye mashine, jina lake lionekane. Kama havikuhifadhiwa, ao vilibaki kwa kampuni ya kigeni iliyofanya kazi hiyo hadi mwaka wa 2020, basi ni serkali inayopaswa kujieleza, siyo mama. Raia wa Kongo walilipa dola 185 kwa kila pasipoti. Mwaka wa 2017 uchunguzi wa shirika la habari la Reuters ulionyesha kwamba kati ya pesa hizo, dola 65 tu ndizo ziliingia kwa serkali, na zilizobaki zilikwenda kwa kampuni za inje. Raia aliyelipa bei hiyo ana haki ya kuuliza: mulifanya nini na vidole vyangu?

Ni kweli bei imeshuka. Ilifika dola 99, na kwa pasipoti mpya iliyoanzishwa mwaka wa 2025 ni dola 75. Hilo ni jema na lazima lisemwe. Lakini bei ya chini haimfaidi mtu anayezuiliwa kabla hajafika kwenye kulipa. Kwake, pasipoti ya dola 75 inagharimu dola 75 pamoja na bei ya komisioneri, pamoja na matabishi, pamoja na safari tatu za basi na malazi.

Wako watakaosema: «Mashariki ina vita, na kuna watu wasio Wakongomani wanaotafuta karatasi zetu. Lazima serkali ichunge.» Ni neno lenye uzito, na hakuna mwenyeji wa Kivu atakayelicheka. Lakini waangalie vizuri nani anazuiliwa leo. Mwenye pesa anampitia komisioneri, anapata cheti cha kuzaliwa cha mahali ambako hajawahi kukanyaga, na anaondoka na pasipoti. Anayebaki mstarini ni mkulima wa Rutshuru anayesema ukweli kwamba hana kitu. Uchungaji wa namna hiyo unafukuza mwenye nyumba na kumuachia mlango mwizi. Kidole kwenye mashine ni vigumu kukinunua. Karatasi inanunuliwa kila siku.

Tena Katiba ya 2006, katika kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine. Kifungu cha 30 kinasema kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kufukuzwa katika nchi yake ao kulazimishwa kuishi uhamishoni. Nchi inayomkataza mtu kuwa na uraia wa pili, halafu inamnyima karatasi ya ule wa kwanza, inamuacha bila kitu. Na mtu aliye inje bila pasipoti, huku nyumbani hakufikiki, amewekwa uhamishoni hata kama hakuna aliyesaini amri.

Matokeo yake yanaonekana kila siku. Pasipoti ikifa, kibali cha kukaa kinakufa nyuma yake. Laini ya simu inakataliwa kuandikishwa, na pamoja nayo pesa za kwenye simu. Polisi wa njiani anajua harufu ya mtu asiye na karatasi. Mfanyabiashara wa vitenge anaanza kupita njia za porini, ambako hakuna anayejua akipotea.

Hapa familia zifahamu tofauti moja. Yule aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi katika nchi aliyomo asikimbilie ubalozini kuomba pasipoti kabla hajauliza HCR ao mwanasheria. Mapatano ya Geneva ya 1951 yanasema kwamba mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hali ya ukimbizi. Mapatano hayohayo, katika kifungu cha 28, yanampa haki ya kuomba hati ya kusafiria kwa nchi iliyompokea. Tatizo la pasipoti linawahusu zaidi wale wanaoishi inje kama wanafunzi, wafanyabiashara ao wafanyakazi, ambao nyumba zao nyuma ziliungua.

Serkali ina mambo manne ya kufanya, na hakuna hata moja linalongoja vita viishe. Kwanza, mwenye pasipoti ya zamani apewe mpya kwa namba yake na vidole vyake, bila kuulizwa kadi ya uchaguzi. Pili, kwa yule aliyepoteza vyote, ushuhuda wa watu wanaomjua upokelewe na uandikwe ubalozini kwa kiapo, kwa kuwa tribinali za Kongo zenyewe hutumia mashahidi kumtolea mtu hukumu ya kuzaliwa. Tatu, watumishi wenye mashine watumwe mahali watu walipo, karibu na mipaka, badala ya kila mtu kwenda mji mkuu. Inne, orodha ya karatasi na bei ibandikwe ukutani, na kila franka itolewe risiti.

Mama wa Kiwanja alirudi chumbani kwake jioni na pasipoti yake iliyokufa. Hakumlipa komisioneri. Alisema hataki kuwa Mkongomani wa uongo, wakati yeye ni Mkongomani wa kweli. Serkali imjibu.