Paa la Vioo Si la Kukanyagwa

Wenye nyumba za bichi, leo nawasema nyinyi. Na sisi vijana tunaoosha nyumba hizo tusicheke, zamu yetu inakuja.

Hapa Kuruwitu, ukishuka kutoka barabara ya Mombasa–Malindi hadi ufuoni, utakutana na nyumba za likizo zenye baraza lililofunikwa kwa vioo, au kwa zile shiti za plastiki zinazopitisha mwanga. Sipingi. Makuti nayo yana gharama zake, na kukaa barazani ukaona mbingu na bahari kwa pamoja ni raha. Shida ni siku ya kuliosha hilo paa. Mimi kazi yangu ni kuosha vioo, na swali ninaloulizwa mara nyingi si "utaosha vipi?" Ni "utapanda?"

Sipandi. Na ninasema asipande mtu yeyote.

Shiti ya plastiki imetengenezwa kuzuia mvua, haikutengenezwa kubeba mtu mzima na ndoo yake. Ikipigwa na jua miaka kadhaa inakauka na kuwa dhaifu, na kwa macho huwezi kujua. Kioo nacho kikishapata sabuni ni utelezi mtupu. Paa la namna hiyo halikupi onyo ukapata nafasi ya kurudi nyuma. Linakatika ghafla, na chini ni vigae.

"Mbona yule wa juzi alipanda na hakuanguka?" Sawa. Hata anayevuka barabara kuu bila kutazama kuna siku anafika ng'ambo. Hiyo ni bahati, na bahati hailipiwi kwa siku.

Najua uchafu wa pwani si mchezo. Upepo wa kusi unaleta chumvi, masika inaacha ukungu wa kijani, halafu kunguru wanamalizia. Lakini kati ya hayo yote, hakuna hata moja linalohitaji mguu wa mtu juu ya paa. Linahitaji brashi laini yenye mpini mrefu, mpira wa maji, sabuni kidogo, na mtu aliyesimama chini au kwenye jukwaa imara. Unaanza asubuhi mapema, maana kioo kikishapata moto sabuni inakaukia hapo hapo. Maji ya kumalizia yawe ya mvua kama yapo, kwa sababu visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yakikauka yanaacha madoa meupe. Huo ndio ufundi. Kupanda si ufundi, ni kukosa vifaa.

Mtasema vifaa ni ghali. Ghali kuliko nini? Mtu aliyeweza kujenga baraza la vioo ashindwe na brashi?

Tuambiane ukweli. Hamkosi pesa ya brashi. Ni kwamba kijana wa kupanda anapatikana kwa bei ya kutupa, na akivunjika mgongo, bili yake itachangwa na mama yake na majirani kwenye kundi la WhatsApp. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini: mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na mfanyakazi akifa kazini fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Ndiyo maana wengine hawataki kabisa tuitwe wafanyakazi. Tunaitwa "huyo kijana anayekuja kusaidia." Kusaidia gani huko, na paa ni lako?

Sasa sisi tunaoosha. Neno letu ni moja: "Nisipopanda mimi, atapanda mwingine." Kweli, na ndiyo maana wanatushinda kila siku. Lakini hapa ni Kuruwitu. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao wenyewe, karibu hekta 30, asivue mtu. Hata wao wangeweza kusema "nisipovua mimi atavua mwingine," na samaki walikuwa wanaisha kweli. Walikubaliana pamoja wakaweka tengefu, na samaki wakarudi.

Basi na sisi tuweke tengefu letu, na liwe juu ya paa. Asikanyage mtu. Mwenye nyumba akipiga simu, ajibiwe vile vile na kila mwoshaji kutoka Vipingo hadi Kilifi: tunaosha tukiwa chini, kwa brashi ndefu, na bei ni hii. Asiyetaka, apande mwenyewe na ndoo yake. Ataona kama atafika katikati.