Bima kubwa, malipo madogo

Wadau, leo naomba tuziache siasa kidogo tuongelee bima ya gari. Sizungumzii ile ndogo ambayo sheria inatulazimisha kuwa nayo kwa ajili ya watu tutakaowagonga. Nazungumzia bima kubwa, ile unayokata kwa hiari yako ukiamini kwamba gari likiibwa, au likipondeka hadi halifai kutengenezwa, utalipwa.

Kulipwa utalipwa. Swali ni shilingi ngapi, na hapo ndipo nina ugomvi na makampuni haya.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Sehemu ya kiinua mgongo chake alinunulia gari, na gari hilo likaibwa tukiwa msibani Tabata. RB akachukua siku hiyo hiyo, kampuni akaiarifu, funguo zote mbili na kadi ya gari akapeleka. Baada ya miezi kadhaa ya "mzee, faili lako bado linashughulikiwa", akaitwa. Bima alikuwa ameikata kwa thamani ya shilingi milioni 18. Akaambiwa atapewa milioni 12, tena kabla ya kukatwa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe mwenyewe.

Nilikuwa nimemsindikiza. Mjomba akauliza taratibu, "Binti yangu, sasa ile 18 nilikuwa nailipia ya nini?"

"Mzee, sisi tunalipa bei ya soko ya siku gari lilipopotea."

Kimkataba binti yuko sahihi. Ile milioni 18 ni kiwango cha juu tu, haikuwa ahadi. Na kanuni yenyewe ni ya zamani: bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Mwaka 1883 majaji wa Uingereza waliiweka wazi katika kesi ya Castellain v Preston. Jamaa alikuwa ameshakubaliana na mtu kumuuzia nyumba, nyumba ikaungua, bima ikamlipa, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Wenye bima wakaenda mahakamani kudai chao wakashinda. Mimi sina tatizo na hilo. Hebu fikiria bima ingekuwa inalipa zaidi ya bei ya gari, hapa mjini magari mangapi yangewaka moto yenyewe usiku wa manane?

Tatizo langu ni kwamba kanuni hii inakumbukwa siku ya kulipa tu. Siku ya kupokea fedha za mteja hakuna anayeitaja. Chukua asilimia 3.5 ya thamani kwa mwaka, bila kuhesabu kodi. Kwa gari la milioni 18 unatoa shilingi 630,000. Kwa gari la milioni 12 ni 420,000. Hiyo 210,000 ya katikati imenunua nini? Haijanunua chochote, kwa sababu hakuna hasara ambayo ingeifanya kampuni imlipe mjomba zile milioni 6 za juu.

Na usidhani ukitaja bei ndogo umepona. Gari la milioni 20 ukilikatia bima kwa 10, halafu likapata ajali ya matengenezo ya milioni 4, mikataba mingi inaruhusu kampuni ikulipe nusu, milioni 2, kwa hoja kwamba nusu nyingine ya gari ulikuwa umejikatia bima mwenyewe. Ukizidisha unapoteza, ukipunguza unapoteza.

Watasema thamani kaitaja mteja mwenyewe kwenye fomu. Sawa, lakini mwalimu wa jiografia atajuaje bei ya soko ya gari lililotumika? Kampuni inajua. Gari la mjomba lilikuwa halipo, hakuna wa kulikagua, na bado bei yake ilipatikana kwa kuangalia aina, mwaka na bei za yadi. Kama bei inapatikana kwa gari ambalo halionekani, inashindikanaje kupatikana kwa gari lililoegeshwa nje ya ofisi siku ya kukata bima?

Australia mteja wa bima ya gari mara nyingi huchagua: alipwe bei ya soko, au thamani waliyokubaliana mwanzoni. TIRA, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia bima hapa kwetu, ingeweza kuyataka makampuni yathamini gari kila bima inapohuishwa, na mchango ushuke kadiri gari linavyochakaa.

Wakati tunasubiri hilo, ukipewa kiasi usichokubali usiwahi kusaini ile hati ya kukiri kwamba umemalizana nao. Omba maelezo ya bei yao kwa maandishi, zunguka yadi uchukue bei za gari la aina na mwaka ule ule, andika barua ya kupinga. Wakikataa, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na kama gari limepondeka na kampuni ikachukua mabaki, hakikisha usajili TRA unatoka kwenye jina lako. Mabaki huuzwa, hufufuliwa na kurudi barabarani, na faini za trafiki hufuata namba ya gari.

Kama kuna mdau humu anayefanya kazi kwenye bima, namkaribisha anijibu hilo la 210,000. Siyo kwa kunisomea mkataba, huo nimeshausoma.