Uso ukipinda polepole, usikae ukingoja

Hebu chukua kioo. Kunja kipaji, fumba macho kwa nguvu, kisha tabasamu. Je, pande zote mbili za uso zinakwenda sawa?

Mjini Meru au Embu, mtu akiamka mdomo umekwenda upande, majirani hawakosi la kusema: ni baridi ya Julai, ni upepo wa dirisha la matatu, au amerogwa. Aghalabu huwa ni ugonjwa uliopewa jina la Charles Bell, tabibu Mskoti aliyeeleza neva za uso mnamo 1821. Huo huja ghafla, na wengi hupona kwa majuma au miezi michache, hasa wakipata dawa katika siku tatu za kwanza. Lakini mkono au mguu ukilegea pia, huenda ni kiharusi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo!

Kuna uvimbe mwingine adimu uitwao shwanoma. Si kansa. Huota kwenye utando unaofunika neva ya uso, na kwa kuwa neva hiyo hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio, hata uvimbe mdogo huweza kuibana. Hukua taratibu, pengine kwa miaka. Uso hulegea kidogo kidogo, misuli huchezacheza, au sikio hupungukiwa na usikivu. Wengine huona kinundu mbele ya sikio. Shavu lililojaa miraa hushuka ukitema, kinundu hakishuki.

Hatari ni kuambiwa "itapona yenyewe" ukangoja. Ikiwa uso unazidi kulegea, au miezi mitatu imepita bila nafuu, nenda hospitali ya rufaa, iwe ya Meru au ya Embu, uulize kuhusu picha ya MRI.

Wala usimharakishe daktari kukata. Kisu chaweza kuidhuru neva yenyewe, na hata ikiungwa kwa kipande cha neva nyingine ya mwili, uso haurudi sawasawa. Ndiyo maana, uso ukiwa bado na nguvu, madaktari wengi huchagua kuuangalia uvimbe kwa picha za mara kwa mara.

Jicho lisilofumba lilinde kwa matone mchana na mafuta ya macho usiku, lisikauke likaharibika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukutane Jumapili ijayo.