Turudishieni Majibu Yetu

Jumapili iliyopita, katika ibada ya shukrani hapa Riruta, Nairobi, mhubiri mgeni alimsimamisha kijana wa mtaa aliyehitimu shahada ya uzamifu, akamwekea mikono kichwani, kisha akatusomea sifa zake. Tukaambiwa makala zake zimetoka katika majarida ya Ulaya. Tukaambiwa wasomi wa nchi nyingi wamezirejelea. Mhubiri akapaza sauti: "Huyu ndiye msomi wa kweli, dunia inamtaja!" Vigelegele vikalipuka. Alichokitafiti kijana huyo, alichokipata, na atakayenufaika nacho, hakuna aliyesema wala aliyeuliza.

Sina ugomvi na kijana. Elimu yake ameitolea jasho, na wazazi wake wana haki ya kuchinja mbuzi. Ugomvi wangu ni na imani hiyo kwamba ukubwa wa msomi ni idadi ya wanaomtaja. Imetoka vyuoni, ikaingia magazetini, na sasa imepanda mimbarini. Ni imani potofu na inatuumiza sisi tunaoishi mitaa inayotafitiwa.

Vyuo vikuu ndivyo vilivyoipanda. Kila mwaka ikitoka orodha ya wanasayansi wanaohesabiwa kuwa asilimia 2 ya juu duniani, ile inayotayarishwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, vyuo vyetu hukimbilia kutangaza majina ya watu wao. Webometrics ya Uhispania ikipanga vyuo upya, mabango hubadilishwa. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na machapisho yakawekewa alama. Tangu hapo mhadhiri anayetaka uprofesa anahesabu makala zake kama mfanyabiashara anavyohesabu mauzo ya jioni, huku tasnifu za wanafunzi wake zikikaa mezani miezi na miezi bila kufunguliwa.

Hebu tuulizane, kurejelewa ni nini hasa? Ni kwamba mtu fulani alipoandika makala yake, aliitaja ya mwenzake. Basi. Hakuna kinachothibitisha kwamba aliisoma yote, au kwamba aliikubali. Mwaka 1998 daktari Mwingereza Andrew Wakefield alichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyodai kuna uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji kwa watoto. Ilikuwa kazi ya hila, na mwaka 2010 jarida likaifuta. Lakini makala hiyo ni miongoni mwa makala zilizofutwa ambazo zimerejelewa zaidi kuliko zote. Wengi waliitaja ili kuipinga, na kihesabio cha marejeleo hakikujali, kiliendelea kuongeza. Kwa kipimo cha mhubiri wetu, Wakefield angesimamishwa mbele ya madhabahu na kupigiwa vigelegele.

Hata waliovumbua hesabu hizi hawakuzikusudia kazi hii. Eugene Garfield, mwanzilishi wa faharasa ya marejeleo ya sayansi iliyotoka mwaka 1964 kule Philadelphia, alitaka wasomi waweze kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Kipimo chake cha kupanga majarida kwa marejeleo kiliwasaidia wakutubi kuamua walipie jarida lipi. Chombo cha mkutubi kimegeuzwa mizani ya kupimia akili za binadamu, na sisi tumekipokea bila kuhoji.

Sasa njooni Dandora, kwenye jaa la taka la Nairobi, tuone marejeleo yamesaidia nini. Jaa lile lilifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilishatangazwa kuwa limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu papa hapa Nairobi, kule Gigiri, lilitoa utafiti lililouagiza kuhusu afya ya watoto wanaoishi karibu na jaa hilo. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo, maikrogramu 10 kwa desilita. Risasi ikishaingia kwenye damu ya mtoto hudhuru ubongo, na huweza kumtatiza masomoni. Utafiti huo umetajwa katika makala, tasnifu na ripoti zisizo na idadi, na kila anayeandika kuhusu taka za Afrika anauweka katika orodha yake. Jaa bado lipo. Malori bado yanamwaga, na moshi bado unapanda. Watoto wale 328 sasa ni watu wazima. Nionyesheni rejeleo hata moja lililopunguza risasi katika damu ya mmoja wao.

Hapa kwetu mambo ni yale yale kwa kipimo kidogo. Nyuma ya mtaa wa Satellite kuna ploti ya mabati, vyumba vimetazamana, katikati ujia mwembamba, bomba moja la maji na majiko ya makaa mlangoni. Mama mmoja muuza mboga anaishi humo na mwanawe mwenye pumu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wenye tablet na fulana zenye nembo, wakamuuliza anapikia nini, dirisha lake hufunguka au halifunguki, mtoto hukohoa saa ngapi. Wakagonga msumari ukutani, wakaning'iniza kisanduku cheupe chenye taa nyekundu ya kumetameta, wakampa unga na sabuni, akatia sahihi karatasi za Kiingereza. Baada ya siku chache wakakichukua kisanduku. "Walisema watarudi na majibu," aliniambia. "Mpaka leo nangoja." Msumari bado uko ukutani, ameutundikia mwiko. Namba za moshi wa chumba chake ziko mahali fulani, pengine zimeshampa mtu cheo, na yeye ambaye moshi ni wake hajui kama ahamishe jiko nje au akope pesa za gesi.

Mtafiti atakayemwambia mama huyu majibu hatapata alama hata moja. Aliyemficha na kuchapisha Uholanzi anapandishwa cheo. Nani basi atarudi Riruta?

Na usidhani kutorudisha majibu ndiyo mabaya ya mwisho. Mwaka 2020 kulitoka utafiti uliofanywa Kayole-Soweto kwa ushirikiano na Benki ya Dunia na kampuni ya maji ya jiji. Ploti zilizokuwa na deni la maji ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa onyo la kukatiwa, na zilizokaidi zikakatiwa, ili ijulikane kama wenye nyumba watalipa. Mwenye nyumba huenda haishi pale. Anayebaki na mtungi mkavu ni mpangaji na watoto wake. Watu walikasirika kutoka Nairobi hadi Marekani, na wasomi wakaandika makala za kulaani. Kila makala ya kulaani iliyoutaja utafiti huo iliuongezea rejeleo. Hasira yetu imegeuka alama zao!

Nitawaambia utafiti uliofanya kazi. Phyllis Omido hakuwa profesa. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akahimiza majirani nao wapimwe, akashika matokeo mkononi akaandamana nayo, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya Mahakama ya Rufani kuutengua uamuzi huo, Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Fidia hiyo ilianza na vipimo vya damu ambavyo wenye damu walivijua.

Katika elimu pia kuna mfano mzuri, nao ni wa hapa nchini. Watu wa mpango wa Uwezo walipoanza kupima watoto kusoma na kuhesabu, mnamo 2009 na 2010, walituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto aya fupi ya kiwango cha darasa la pili, na mzazi akajua papo hapo, mlangoni pake, kwamba mwanawe wa darasa la nne hawezi kuisoma. Wazazi wengi walishtuka, na ni mshtuko waliostahili kuupata miaka mingi kabla. Hakuna mzazi aliyehitaji kusubiri jarida.

Wapo wanaonijibu kwamba tukiacha kuhesabu marejeleo tutapoteza heshima ya kimataifa, kwa kuwa nchi zilizoendelea ndivyo zinavyopima. Hoja hii nimechoka nayo. Wanaoitoa hawafuatilii hata hizo nchi wanazoziabudu. Mwaka 2012 wahariri na watafiti walikutana San Francisco wakaandika azimio la kukataa kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida alilochapishia. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kukiondoa kipimo hicho katika kuajiri na kupandisha vyeo. Wenye mizani wanaitupa, sisi tunaikumbatia na kuiombea kanisani.

Wengine hunitajia utafiti wa minyoo wa Busia, ule wa Edward Miguel na Michael Kremer katika shule 75, uliochapishwa 2004. Umerejelewa mno, wanasema, na ukaleta dawa shuleni. Dawa zililetwa na watu waliobeba matokeo hadi wizarani na kuwashawishi wakubwa, serikali ikaanza mpango wa taifa mwaka 2009. Orodha ya marejeleo haijawahi kummezesha mtoto kidonge.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na hili la pesa. Mwaka 2020 wenye jarida la Nature walitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu atalipa euro 9,500. Mhadhiri wa Kenya, ambaye mshahara wake wenyewe hucheleweshwa mpaka agome, atazitoa wapi? Anakimbilia majarida ya ulaghai yanayochapisha chochote kwa dola mia chache, yale ambayo Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa akiyaorodhesha hadi 2017. Wakati huohuo East African Medical Journal, lililoanza mwaka 1923 na linalosomwa na madaktari wanaotibu watu wetu, linadharauliwa kwa sababu halina alama kubwa. Daktari wa zahanati ya Dagoretti hana usajili wa majarida ya London. Mnamwandikia nani?

Na vijana wetu werevu, waliopanga kuanzia Kawangware hadi Kikuyu, wanakesha wakiandika tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo duni. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, ameliangazia jambo hilo katika filamu ya 2024, The Shadow Scholars. Vijana hao wanajua kutafiti na kuandika kuliko wengi wenye vyeti, na hakuna orodha ya asilimia 2 itakayowataja.

Sheria nayo iko upande wa wanaotafitiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi. Vifungu vyote vitatu vinamhusu mama wa ploti ile, na watafiti waliingia nyumbani kwake wakatoka bila kuheshimu hata kimoja.

Kila anayetafiti nchini hupewa leseni na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na sharti mojawapo ni awasilishe kwao ripoti yake ya mwisho. Ofisi zao ziko Kabete, kando ya Waiyaki Way, si mbali na hapa. Ripoti zinafika Kabete, Riruta hazifiki. Ninaitaka NACOSTI iongeze sharti moja: kurasa mbili za Kiswahili zipelekwe kwa waliopimwa, zisomwe katika baraza la chifu au kituo cha afya, na mtafiti mwenyewe awepo kujibu maswali. Asiyefanya hivyo asipewe leseni nyingine. Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu isimhesabie makala ya utafiti wake hata alama moja mpaka waliopimwa watie sahihi kwamba wameambiwa.