Daftari la Ahadi Lisiondoke na Kidato cha Nne

Wanafunzi wenzangu, kila mwaka twaweka ahadi ya mti: mtu na mche wake, na sahihi yake daftarini. Viongozi ni Kidato cha Nne, na Novemba wakimaliza mtihani huenda zao. Mwaka jana daftari lilikuwa sandukuni mwa mmoja wao, likasafiri naye. Januari hakuna aliyejua mche upi ni wa nani, na jua halikungoja.

Wako wasemao kazi hii wapewe walimu. Mimi sikubali. Ahadi ikisimamiwa na mwalimu yageuka adhabu, na sote twajua jinsi tunavyomwagilia maua ya adhabu!

Huko California, Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Humboldt State walianzisha mwaka 1987 ahadi ya wahitimu: kupima madhara ya kazi kwa watu na mazingira kabla ya kuikubali. Waanzilishi waliondoka, lakini ahadi ilienea vyuo vingine, kwa kuwa ilipata watunzaji wapya, kikiwamo Chuo cha Manchester, Indiana.

Basi daftari na ndoo wakabidhiwe Kidato cha Pili mwezi wa Julai, mbele ya shule nzima, wakubwa wangalipo wa kuulizwa. Najua nao wana mtihani wao Novemba, lakini Januari watarudi.