Wabatwa Wapewe Hati Yao

Unapikia mkaa wa wapi, ndugu yangu? Usinijibu kwamba umenunua sokoni. Sote wa Bukavu tunanunua sokoni. Nauliza mti ulikatwa wapi, na ni nani aliyelitoza gunia ushuru njiani kabla halijafika Kadutu.

Unajua. Sote tunajua. Mwingi unatoka msitu wa Kahuzi-Biega, na sote tumenyamaza.

Mwaka 1970 serikali iliuzungushia msitu huo mpaka, ikauita hifadhi ya taifa. Mwaka 1975 ikaupanua hadi hekta 600,000. Wabatwa wapatao 6,000, wenyeji wa asili wa msitu huo, wakatolewa humo. Hawakupewa ardhi nyingine, hawakulipwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja na ramani, mwenyeji akageuka kibarua kwenye mashamba ya watu.

Tuliambiwa ni kwa ajili ya gorila. Haya, gorila wamepona? Alitolewa mtu wa mkuki na wavu, akaingia mtu wa bunduki. Akaingia mchimba koltani. Akaingia mpasua mbao. Mwaka 1997 UNESCO ikaiweka hifadhi kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wakati huo Mbatwa alikuwa nje ya msitu zaidi ya miaka ishirini. Nani basi aliyeuharibu?

Utanijibu kwamba mwaka 2018 Wabatwa walirudi na miti ikateketea. Kweli, sifichi. Wapo waliokata na kuchoma mkaa. Lakini litazame hilo gunia. Mama analishusha mlimani kwa mkanda uliomkaza kwenye paji la uso, shingo imesimama kama mti, kisha anapewa vijisenti. Chini anangoja mwenye bunduki, anachukua chake. Barabarani anangoja tajiri mwenye lori, na huyo ndiye anayejenga ghorofa.

Mama huyo alirudi kwenye ardhi ya babu zake bila karatasi hata moja. Leo yumo, kesho anafukuzwa. Wewe ungeutunza mti wa kuwafaa wajukuu wako mahali ambapo hujui kama wiki ijayo utalala hapo? Na tajiri akija na pesa zake, ungemzuia kwa sheria ipi, kwa mahakama ipi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu usio na mwenyewe ni wa kila mwenye panga.

Hati ya ardhi ndiyo itakayompa nguvu ya kusema hapana.

Na sheria ipo! Ilitiwa saini Julai 2022, inawatambua wenyeji wa asili wa Kongo na haki yao juu ya ardhi wanayoikalia na kuitumia tangu jadi. Uamuzi upo! Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba serikali ilivunja haki za Wabatwa wa Kahuzi-Biega, ikaitaka iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani. Sheria ipo, uamuzi upo. Hati iko wapi?

Msinitajie vita. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025. Wabatwa walinyang'anywa ardhi miaka ya sabini.

Wewe unayesoma unadhani haya ni ya Wabatwa peke yao? Mei 2023, huko Kalehe, maji na matope yalishuka Bushushu na Nyamukubi yakaua watu zaidi ya 400. Mvua ilikuwa kubwa, nakubali. Lakini mlima ulionyolewa miti utayashika maji kwa kitu gani? Waliozikwa pale hawakuulizwa kabila lao. Na bado tumelala! Tunalia msibani, tukirudi nyumbani tunawasha jiko la mkaa uleule.

Amka, ndugu yangu. Mbunge wako atakuja kuomba kura. Kabla hujapokea fulana yake, mbane akwambie Wabatwa watapewa hati yao lini. Akijibu maneno matupu, mrudishie fulana.